Chumba cha Melini kwa Baba, Mama na Watoto



Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-Israa, amewakumbusha wanadamu kuwa ni Yeye aliyewatukuza na kuwachukua barani na baharini. Neema hii ya kuchukuliwa baharini wazee wetu waliijua sana. Waliosafiri baina ya Mombasa na Bombay kwa meli za British India, kama vile Kampala iliyoundwa mwaka 1947 na Karanja iliyoundwa mwaka 1948, wengi wao walilala sitahani juu ya matandiko yao wenyewe, kwani chumba kilikuwa ni cha wenye uwezo. Nao walisafiri kwa haja: biashara, masomo, au kuwazuru jamaa.

Siku hizi ziko meli za namna nyingine, meli za matembezi. Abiria wake hana mji anaouendea; huzunguka bandari kadha wa kadha kwa siku nne, saba au zaidi, kisha akarejea pale alipoondokea. Jamaa zetu wengi walioko Ghuba na Ulaya huzipanda pamoja na watoto wao wakati wa likizo. Na mwezi wa Desemba 2024 meli iitwayo AROYA, yenye urefu wa mita 335, iliyoundwa Ujerumani na kutolewa mwaka 2017 kwa jina la World Dream, ilianza safari zake kutoka Jeddah bila ya kuuza ulevi ndani yake. Basi mlango umefunguka hata kwa wale waliokuwa wakijizuia kwa ajili ya hayo.

Hatutaki mwezi huu kusema juu ya matembezi yenyewe. Twataka kusema juu ya jambo moja tu, nalo ni kuchagua chumba. Vyakula na michezo mtu aweza kuvichagua akisha kufika melini. Akipendacho akakiendea, na akichukiacho akakiepuka. Lakini chumba huchaguliwa miezi mingi kabla, na meli ikijaa hapana tena pa kuhamia. Makosa ya chumba hukaa na watu mpaka siku ya kushuka.

SWALI LA KWANZA

Watu wengi huchagua chumba kwa kutazama mambo mawili: bei na dirisha. Sisi twaona kuwa nyumba ya Kiislamu yapaswa kuanza na swali jingine: nani atalala pamoja na nani, na kila mmoja atavulia nguo zake wapi?

Katika aya ya 58 ya Sura ya An-Nur, Mwenyezi Mungu amewafundisha Waislamu adabu ya nyumbani. Hata watoto ambao hawajabaleghe yawapasa waombe ruhusa kabla ya kuwaingilia wazazi wao katika nyakati tatu: kabla ya Sala ya Alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo kupumzika, na baada ya Sala ya Isha. Na aya inayofuatia yaeleza kuwa wakisha kubaleghe, ni juu yao kuomba ruhusa nyakati zote kama wanavyoomba watu wazima. Tena Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuagiza tuwaamrishe watoto Sala wafikapo miaka saba, na wafikapo miaka kumi tuwatenge katika malazi.

Sasa na tuitazame meli. Chumba cha kawaida aghalabu kina mita za mraba baina ya 13 na 18, pamoja na choo na bafu lake. Wakitiwa watu wanne humo, hapana ukumbi wala pazia la mlango. Mtoto atabisha hodi wapi, naye amelala hatua mbili kutoka kitanda cha wazazi wake? Na binti wa miaka kumi na mitatu atabadili nguo wapi, ila katika bafu ambalo mtu mmoja akiwamo hawezi kunyosha mikono yake?

Jambo hili halina uhusiano na utajiri wala umasikini. Wako wenye nyumba ya vyumba viwili wakailinda sitara yao vizuri kabisa, na wako wenye fedha nyingi wakajisonga watu watano katika chumba kimoja kwa sababu kina roshani ya kutazamia bahari.

NAMNA ZA VYUMBA

Vyumba vya melini ni vya namna nne. Cha kwanza ni chumba cha ndani, kisichokuwa na dirisha. Hicho ndicho rahisi kuliko vyote, na ni kizuri kwa kulala, lakini ni giza mchana na usiku. Anayekaa humo asitegemee mwanga kumjulisha Alfajiri. Cha pili ni chumba chenye dirisha lisilofunguka. Cha tatu ni chumba chenye roshani, yaani kibaraza kidogo cha nje. Cha nne ni vyumba vikubwa vyenye sebule, na baadhi yake vina vyumba viwili vya kulala. Bei yake ni kubwa sana.

Meli nyingi huandika kuwa chumba fulani ni cha watu wanne. Msomaji asiridhike na neno hilo, bali aulize vitanda hivyo vinne ni vya namna gani. Aghalabu viwili huwa chini, vyaweza kuunganishwa au kutengwa. Viwili vingine huenda vikawa vitanda vya juu vinavyoteremshwa usiku kutoka ukutani au darini, au huenda ikawa ni kochi moja linalokunjuliwa likawa kitanda cha watu wawili. Kwa jicho la wakala wa safari mambo hayo mawili ni sawasawa, maana yote ni malazi ya wanne. Kwetu sisi si sawasawa hata kidogo. Vitanda viwili vya juu vyawatenga kaka na dada katika malazi. Kochi moja lawalaza pamoja. Na vitanda vya juu navyo havifai kwa mtoto mdogo, aweza kuanguka meli inapokwenda mrama.

Liko na jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Vyumba viwili vinavyopakana si lazima viwe na mlango baina yao. Vingine vimetengana kwa ukuta mtupu, na kutoka kimoja kwenda kingine ni lazima kupita ujiani mbele za watu. Vingine vina mlango wa ndani wa kuviunganisha. Mwenye watoto na autake huu mlango wa ndani kwa kuutaja waziwazi, tena mapema, kwani vyumba hivyo ni vichache na ndivyo vinavyokwisha kwanza.

Pia yako makampuni yanayouza nauli ya chini kwa sharti la kuwa chumba atachagua mwenye meli. Mtu mmoja au mume na mkewe waweza kuipokea. Mwenye aila asiikaribie: huenda akapewa chumba kimoja sitaha ya tano mbele na kingine sitaha ya kumi nyuma.

NANI ALALE NA NANI

Mume na mke wenye mtoto mchanga, chumba kimoja chawatosha. Waulize tu kitanda cha mtoto, na waulize umri unaokubaliwa. Meli nyingi hazipokei mtoto aliye chini ya miezi sita, na katika safari za kuvuka bahari kuu huweza kutakiwa awe ametimiza mwaka. Mke mwenye mimba naye auulize mapema, kwani makampuni mengi hayamchukui aliyeingia wiki ya 24.

Wazazi wenye watoto wawili wadogo ambao hawajafika miaka kumi, chumba kimoja chaweza kuwafaa, khasa kikiwa na pazia la kutenga kitanda na kochi. Pazia hilo ni la kuulizwa. Vyumba vingine vinalo na vingine havina.

Lakini wazazi wenye mvulana wa miaka 14 na msichana wa miaka 12, ushauri wetu ni vyumba viwili vyenye mlango wa ndani: baba na mwanawe wa kiume katika kimoja, mama na binti yake katika kingine. Na jambo la kupendeza ni kuwa kanuni za makampuni mengi zaelekea huko huko, kwani hutaka kila chumba kiandikwe kwa jina la mtu mzima mmoja angalau, mara nyingi mwenye miaka 21 au zaidi. Watoto wakitoka kwenda michezoni, mlango hufungwa na wazazi wakapata faragha yao. Usiku mlango huwa wazi na nyumba ikawa moja. Tena kuna mabafu mawili, na hiyo ni rehema kubwa wakati wa Alfajiri watu wanne wanapotaka kutawadha kwa pamoja.

Wako na watu wengine wanaofuatana na aila ambao husahauliwa katika hesabu. Binti wa ami au wa mjomba, hata akiwa amelelewa nyumbani kama mtoto wa kuzaa, si maharimu wa mvulana wa nyumba ile wala hawezi kulazwa naye chumba kimoja. Mtumishi wa kike anayechukuliwa kuangalia watoto si maharimu wa baba. Kumtia katika chumba cha mume na mke ili kuokoa nauli ni kumvunjia yeye heshima yake na kuwavunjia wao sitara yao. Asiyeweza kumlipia malazi yenye staha ni heri asimchukue.

Bibi au babu mzee naye ana haki yake. Apewe chumba kilicho karibu na lifti, maana ujia wa meli kubwa waweza kuwa mrefu kuliko mtaa. Iulizwe kama mlango wa bafu una kizingiti kirefu, na kama anatumia kiti cha magurudumu kitakwe chumba kilichojengwa kwa ajili hiyo, kwani vya kawaida milango yake ni myembamba.

MAHALI PA CHUMBA

Meli hupanda na kushuka kama ubao wa kubembea watoto. Mwenye kukaa ncha za ubao hurushwa, na mwenye kukaa katikati hatikisiki sana. Kwa hivyo chumba kilicho katikati ya meli, katika sitaha za chini, ndicho chenye utulivu, na kile cha juu kabisa karibu na omo ndicho kinachosukwasukwa. Mtu mwenye kupatwa na kigegezi ni heri akose dirisha akae katikati, kuliko kuwa na roshani ya omoni akashinda kitandani.

Kila kampuni huchapisha ramani ya sitaha zake. Msomaji aitazame ramani hiyo, na asitazame sitaha yake peke yake, bali na ile ya juu yake na ya chini yake. Chumba kilicho chini ya jiko husikia magurudumu ya mikokoteni kabla ya mapambazuko. Chumba kilicho juu ya ukumbi wa ngoma husikia ngoma mpaka saa nane za usiku. Chumba cha mbele kabisa husikia nanga. Kilicho bora ni kile chenye vyumba vya watu juu yake na chini yake. Na katika meli zenye baa na ukumbi wa kamari, ramani hiyo hiyo yaonyesha viko wapi. Mwenye vijana achague chumba ambacho njia yake ya kwenda mezani na ya kurudi haipiti hapo.

Juu ya roshani tuna maneno mawili. La kwanza ni kuwa roshani si uani. Ubao unaoitenga na ya jirani hauzuii kila jicho, na roshani nyingi huonekana kutoka zile za juu yake. Basi mwanamke asidhani kuwa yumo katika sitara kamili kwa kuwa mbele yake ni bahari tupu. La pili ni watoto. Mlango wa roshani uwe na komeo la juu wasilolifikia, na viti visiwekwe karibu na ukingo, maana mtoto hukwea chochote akionacho.

Vilevile ikumbukwe kuwa mtumishi wa chumba huingia kila siku, naye ana ufunguo. Hugonga, na asiposikia jibu hufungua. Kwa hivyo siku ya kwanza aelezwe kwa upole saa gani aje na saa gani asije, na kile kibao cha kukataza kuingia kitundikwe nje ya mlango. Naye ni mja wa Mungu anayefanya kazi yake mbali na watoto wake. Asemeshwe kwa adabu.

SALA NA TAHARA

Kabla ya kukubali chumba, itazamwe picha yake na kuulizwa: msala utatandikwa wapi? Katika vyumba vingine, vitanda vikisha kuteremshwa, sakafu iliyobaki haitoshi kusujudu. Vitanda vya chini vikitengwa au kuunganishwa nafasi hubadilika, na mtumishi aweza kuombwa kuvipanga upya.

Kibla cha melini hubadilika meli inapogeuka. Dira ya simu haiaminiki sana ndani ya chumba, kwa sababu kuta ni za chuma. Meli nyingi huonyesha katika televisheni ya chumbani ramani ya mahali ilipo na uelekeo wake. Kwa hiyo aliyejua omo imeelekea wapi na chumba chake kimetazama upande gani aweza kupata Kibla bila ya taabu. Mwenye kuweza kusimama asali kwa kusimama, na akijua katikati ya Sala kuwa meli imegeuka, naye ageuke. Ruhusa ya kupunguza na kukusanya Sala ni sadaka ya Mwenyezi Mungu kwa msafiri, kwa masharti yake yanayojulikana.

Ama choo, vingi havina maji ya kujitahirisha. Kopo dogo la plastiki kutoka nyumbani humaliza tatizo hilo. Na watoto waonywe wasitupe kitu chochote chooni ila karatasi yake, kwani vyoo vya melini huvuta kwa nguvu ya hewa, na kimoja kikiziba huenda vikaziba na vya majirani.

USALAMA

Sisi watu wa Afrika ya Mashariki hatuhitaji kuhadithiwa juu ya bahari na maziwa. Tuliwazika wa MV Bukoba mwaka 1996, na wa Spice Islander mwaka 2011, Mwenyezi Mungu awarehemu. Meli ya Titanic ilipozama mwaka 1912 ilikuwa na watu zaidi ya 2,200, na boti za kuokolea zilikuwa na nafasi ya watu 1,178 tu. Waliokufa walizidi 1,500. Kwa sababu ya msiba huo mataifa yalifanya mkataba wa usalama wa baharini mwaka 1914, nao umekuwa ukitengenezwa mara kwa mara.

Hii ndiyo sababu wakala huweza kusema kuwa chumba fulani hakiwezi kupokea mtu wa nne, na hali kitanda cha nne kipo. Huenda hesabu ya watu wa boti za upande ule imetimia. Asigombezwe, wala mtoto asifichwe katika hesabu.

Mwezi wa Januari 2012 meli Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, wakafa watu 32. Mamia ya abiria walikuwa wamepanda siku ile ile na hawajafanyiwa bado mazoezi ya kujiokoa. Tangu mwaka 2015 sheria yataka mazoezi hayo yafanywe kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Basi baba asiwaache watoto chumbani siku hiyo kwa kuwa wamechoka. Wote waende, na wote wajue mahali pao pa kukusanyika. Ahesabu pamoja nao milango iliyo baina ya chumba chao na ngazi, ili hata katika giza mkono uweze kuipapasa. Na ziulizwe jaketi za kuokolea za kimo cha watoto.

HESABU YA FEDHA

Huenda msomaji akasema: haya yote ni mazuri, lakini vyumba viwili ni ghali. Jawabu yetu ni kuwa na tuhesabu kwanza.

Nauli hutajwa kwa kila mtu, kwa kudhani kuwa wawili wamo chumbani. Wa tatu na wa nne aghalabu hupunguziwa. Tuchukue mfano wa kufikiria tu. Tuseme katika chumba cha ndani wawili wa mwanzo hulipa 100 kila mmoja, na katika chumba cha roshani hulipa 140 kila mmoja, na wa tatu na wa nne hulipa 60 kila mmoja popote walipo. Watu wanne katika chumba kimoja cha roshani watalipa 400. Watu wanne hao hao katika vyumba viwili vya ndani watalipa 400. Fedha ni ile ile: kwa njia moja wamenunua bahari ya kutazama, ambayo iko bure sitahani mchana kutwa, kwa njia ya pili wamenunua mlango wa kufunga. Si kila meli itakayotoka sawa hivi, lakini kila mtu aweza kuiuliza bei ya pande zote mbili kabla ya kulipa, na wachache ndio wanaouliza.

Na ikiwa baada ya hesabu hiyo vyumba viwili haviwezekani ila kwa kukopa, basi safari na ingoje. Matembezi si faradhi. Mwenyezi Mungu amekataza ubadhirifu, na hakumkalifisha mtu kuwafurahisha watoto wake kwa deni. Siku mbili katika nyumba ya kupanga ufukweni, kila mmoja na malazi yake, zina baraka kuliko siku saba za kuoneana haya.

Watoto wetu hujifunza staha kwa namna tunavyoilinda wanapoiona ni taabu kulindwa. Nyumbani ni rahisi, kuta ziko. Ugenini, penye nafasi finyu na fedha zenye kuhesabiwa, ndipo wanapoona kama tuliyowafundisha tuliyasema kwa dhati. Binti akiona baba yake ameacha roshani ili yeye apate mahali pa kubadili nguo, hatahitaji khutba juu ya thamani yake.

Basi mwenye kwenda na aende kwa salama, na apandapo asisahau dua aliyoifundisha Nabii Nuhu kwa watu wake, iliyomo katika Sura ya Hud, aya ya 41. Twamwomba Mwenyezi Mungu awafikishe wasafiri wetu na awarejeshe majumbani mwao hali ya kuwa wamestirika.

Wabillahi tawfiq.